Soh ya Chini

Chumbageni, Tanga
9 Februari 2025

Leticia mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo, tunaendelea na joto letu. Mama yako nilimwona Muheza wiki iliyopita. Mguu bado unamsumbua lakini kukaa hataki. Nilimkuta kwenye genge lake anapanga machungwa huku anagombana na dereva wa lori. Akigombana ujue yuko salama. Kaka yako Ernesti anaendesha bajaji yake Raskazone, nyumbani anaonekana saa ya kula tu. Masikio yangu ni yaleyale. La kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia mlango ukibamizwa. Ndiyo maana naandika. Ukinipigia simu nitaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, mwisho nijikute nimekubali jambo.

Sasa jambo lenyewe ni mashine yangu ya kompyuta. Huu mfumo wa Linux Mint uliotuwekea unaniletea tangazo kila asubuhi: toleo la 20 litaacha kutunzwa mwezi wa nne, nihamie toleo jipya. Bwana Luka, katibu wetu wa usharika, alisoma begani kwangu akasema bonyeza tu, mzee. Yeye kila kitu ni bonyeza tu. Mimi sijabonyeza.

Unajua ndani kuna nini. Tangu baba yako atutoke, mwaka wa tatu sasa, mimi ndiye ninayechapia kwaya nyimbo zake kwa ile programu yako ya kuandika muziki, Nota. Zimo nyimbo hamsini na nane. Mwezi wa tisa kuna tamasha la kwaya la dayosisi, na Chumbageni tumepangiwa kuimba wimbo wa baba yako, Rafaeli. Nikibonyeza, Nota itabaki? Nijibu kwa kituo, usinifiche.

Baba yako mdogo,
Hosea


Kigoma
6 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilikaa siku kumi na moja ofisi ya basi Dodoma, nimeipata jana. Mimi mzima. Hapa hospitalini tuna mashine arobaini na fundi mmoja, ndiye mimi. Mpe mama salamu, mwambie dawa ya mguu ni kukaa.

Jibu: hama. Mashine isiyotunzwa ikiunganishwa na intaneti ni kama mlango usio na komeo. Huwezi kuruka kutoka 20 mpaka 22 kwa mkupuo, utapitia 21. Nyaraka zako hazitafutika, lakini kwanza nakili kila kitu kwenye flashi.

Nota haitabaki. Niliiandika kwa lugha ya kompyuta ambayo ilishastaafishwa, na toleo la 22 halina tena lugha hiyo. Itakataa kufunguka, basi. Kwa hiyo kabla ya kuhama, fungua wimbo mmoja mmoja uuhifadhi kama kurasa za kuchapa. Utaweza kuzitoa kwenye printa miaka yote. Hutaweza kuzirekebisha, lakini nyimbo za baba zimeshakamilika, hakuna cha kurekebisha.

Kuiandika upya sina nafasi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipoitengeneza, tena haikuwa kazi ya kujivunia. Nashangaa imedumu.

Leticia


Chumbageni
30 Machi 2025

Leticia mwanangu,

Marahaba. Masika imeanza vizuri, uwanja wa nyuma umejaa maji na vyura, naye Ernesti anasema wanamkosesha usingizi. Hilo mimi limenipita. Mama yako anauliza utakuja lini. Siku ya kuweka msalaba kaburini kwa baba yako hukuwepo, na hilo alilimeza, lakini sasa anauliza tena. Nimemwambia una mashine arobaini. Akaniuliza kama mashine zina mama.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika kama cheti cha daktari, vizuri sana, ila sijaridhika. Kurasa zisizorekebishika hazinifai. Yapo marekebisho madogo madogo ambayo huenda siku moja yakahitajika.

Halafu nina swali. Ikitokea umeiandika Nota upya, itakuwa vilevile? Yaani itafanya yaleyale iliyokuwa ikifanya, na yale isiyoyafanya iendelee kutoyafanya? Ukiwa na hakika kwamba itakuwa vilevile, nitafikiria. Kama sivyo, niache na toleo langu la 20. Mimi mwenyewe ni toleo la zamani na hakuna aliyeniletea tangazo.

Baba yako mdogo,
Hosea


Kigoma
2 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Hatujambo, mvua kubwa huku pia. Mwezi wa nne umekwisha, kwa hiyo mashine yako sasa haina mlinzi. Nakukumbusha tu.

Sikuelewa barua yako. Marekebisho gani? Baba aliyafunga mafaili yake mwenyewe, mimi namjua, alikuwa hawezi kulala na wimbo ambao haujaisha. Na swali lako la pili ni la ajabu. Hakuna mtu anayeomba programu mpya ifanane na ya zamani mpaka kwenye yale isiyoyafanya.

Hata hivyo nimeanza. Jumapili mchana hapa hakuna kazi. Usimwambie mtu, isije ikawa ahadi. Ili niiandike lazima nione ilivyotumika, kwa hiyo naomba vitu viwili: flashi yenye nyimbo zote hamsini na nane, na daftari la baba alimokuwa akiandika kwa mkono kabla ya kuchapa. Nataka kulinganisha hati yake na kilichotoka kwenye karatasi.

Kuhusu mama, nitakuja. Sikwepi.

Leticia


Chumbageni
25 Mei 2025

Leticia mwanangu,

Marahaba. Mama yako amekaa siku nne mfululizo kwa sababu ya mguu, halafu akaamua amepona. Machungwa yameanza kushuka kutoka vijijini, lori moja linagonga lingine pale njia panda.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Nyimbo zote zimo.

Daftari sikuliona.

Huku tumepata aibu kidogo. Fomu ya kujiandikisha tamashani ipo kwenye intaneti, na kivinjari changu kilikataa kuifungua, kikasema kimepitwa na wakati. Luka alisimama pale mikono kiunoni, hakusema neno, na kwa Luka hiyo ni kazi kubwa. Akaenda kujaza kwa watu mjini. Basi, nakiri: nimeona umuhimu wa kuhama. Lakini bado sijabonyeza.

Kwaya imeanza mazoezi ya ule wimbo namba hamsini na nane. Castory bado ndiye kiongozi wa besi, ana miaka sitini na tatu na sauti haijamwacha. Mimi nakaa benchi lililo nyuma yao. Sauti ya kwanza na ya pili sizipati tena, nawaona tu wakifungua vinywa. Besi wakishuka chini sana sauti zao huwa zinanifikia kupitia mbao za benchi, lakini kwenye nyimbo za baba yako hawashuki sana.

Baba yako mdogo,
Hosea


Kigoma
29 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Nota mpya inafanya kazi. Juzi niliweka ya zamani upande mmoja na mpya upande mwingine, nikaanza kuchapa herufi za nota, d r m f s l t, za juu, za kati, za chini, kuona kama zinatoka sawa. Nilipofika kwenye s, yaani soh, ya chini kwenye mstari wa besi, ile ya zamani iliitoa bila kijistari. Unajua kile kijistari chini ya herufi kinachomwambia mwimbaji ashuke. Kimepotea. Nikachapa tena, kimepotea tena. Nota nyingine zote za chini zinatoka vizuri, ni soh peke yake, tena kwa besi peke yake. Nimefungua nilichoandika mwaka 2013 nikaliona kosa. Ni langu. Mstari mmoja.

Kwa hiyo miaka yote hiyo karatasi ilikuwa ikiwaambia besi wabaki juu wakati wanatakiwa kushuka.

Nikafungua nyimbo za baba kutafuta zilizoharibika. Wimbo wa kwanza una soh ya chini mara tatu. Kuanzia wa pili mpaka wa hamsini na nane hakuna hata moja. Nyimbo hamsini na saba za sauti nne, besi hawashuki soh hata mara moja. Zote zinaishia fah kwenda doh. Nilidhani ndivyo alivyopenda. Kwenye mazishi mchungaji alisimama akasema nyimbo za Rafaeli zinatua taratibu, na watu wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikaitikia.

Baba alijua?

Leticia


Chumbageni
20 Julai 2025

Leticia mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo.

Ndiyo, alijua. Keti nikueleze.

Ulipomletea ile programu ukiwa likizo, mwezi wa saba 2013, alichapa wimbo wa kwanza kwa siku mbili. Alikuwa akiwaita watu kutoka barabarani waje waone. Mpaka siku hiyo tulikuwa tukinakili kwa mkono, karatasi ya kaboni, kila mwanakwaya na nakala yake, na kila nakala na makosa yake. Jumatano tukaingia mazoezini na karatasi safi. Tukafika mwisho, pale besi wanapotakiwa kudondoka soh ya chini halafu wakae doh. Castory akasoma kama ilivyochapwa, akapanda badala ya kushuka, na besi nzima ikapanda pamoja naye, wakawakuta sauti ya tatu njiani. Kanisa lilicheka. Wakati huo bado nasikia, na mimi nilicheka. Baba yako akasema, "Nimekosea kuchapa, nisameheni." Nikamwona anarudia kuchapa nyumbani, mara tano, mara sita. Halafu akauacha huo ulivyo, akachukua kalamu akabadilisha mwisho wa wimbo uliofuata.

Nilimwambia mwandikie mtoto alirekebishe kosa. Akasema, "Yuko kwenye mitihani." Ulipomaliza chuo nikamkumbusha. Akasema, "Ametoka tu kupata kazi, nisimwambie kazi yake ya kwanza ina kasoro." Mwaka uliofuata akasema ameshazoea. Nikamwambia basi weka kijistari kwa kalamu kwenye kila karatasi. Akakataa, akasema nakala zinakwenda mpaka Korogwe na Lushoto, watu watauliza. Halafu wakaanza kumsifia. Kwaya za huko juu milimani zikaanza kuiga, ukisikia wimbo mpya unaishia fah kwenda doh watu wanasema huo ni mtindo wa Rafaeli. Nami nikiwa nimekaa pale, najua mtindo umetoka wapi.

Daftari ninalo. Lilikuwa kabatini kwangu tangu msiba. Nilikudanganya na ninaomba radhi. Ndani yake, kuanzia wa pili, kila wimbo una mwisho wa kwanza, ule alioutaka, wenye soh ya chini, ameupigia mstari wa wino wa bluu. Chini yake ameandika mwisho wa pili unaokubaliwa na mashine. Nyimbo zote hamsini na saba. Hakuacha kuandika ule wa kwanza hata mara moja. Nimelifunga kwa nailoni, limo kwenye kifurushi hiki, nimemkabidhi dereva mkononi.

Sasa unajua kwa nini sikubonyeza. Sikuwa naogopa toleo jipya. Niliogopa utaifungua ile programu yako na kuona, halafu ungebaki na hilo peke yako huko Kigoma, na mimi sikusikii hata kwenye simu. Nilimwahidi baba yako sitakwambia, na mpaka umegundua mwenyewe sikukwambia. Lakini sikutakiwa kuahidi. Yeye alikuwa anakupenda na mimi nilikuwa naona aibu tu kubishana na kaka mkubwa.

Tamasha ni tarehe ishirini mwezi wa tisa. Wimbo wa hamsini na nane una miisho miwili. Wewe ni mwanawe, amua.

Hosea


Kigoma
18 Agosti 2025

Baba mdogo,

Shikamoo.

Daftari limefika salama. Nililia, nikaenda kazini, nikarudi nikalia tena. Nakwambia ili usiulize.

Nimemkasirikia sana. Ningelirekebisha kwa dakika kumi. Nilikuwa nampigia kila Jumapili, namuuliza, "Nota inaendaje, baba?" naye anajibu, "Haina neno, mwanangu, haina neno." Miaka tisa ananijibu hivyo, huku anashika kalamu na kuondoa alichokitaka. Nilimwambia mtu mmoja hapa kazini, akasema ni jambo la upendo. Labda. Mimi nilijisikia kama mgeni aliyepikiwa chakula kibaya ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia chumvi imeisha. Na wewe nimekukasirikia, lakini kidogo, na sasa imepungua.

Siku ya msalaba sikuja kwa sababu nilijua mtaimba, na nilijua nitasimama pale watu wananionyesha kwamba huyu ndiye binti aliyemtengenezea programu. Sikuwa najua lolote la soh. Nilikuwa tu sitaki kusifiwa kwa kitu nilichokiacha miaka yote bila kukiangalia. Mwambie mama, au nitamwambia mwenyewe.

Kwenye flashi kuna Nota mpya. Inafungua mafaili yote ya zamani. Soh ya chini inatoka na kijistari chake, nimeijaribu mara mia moja, sitanii. Wimbo wa hamsini na nane nimeuchapa upya kutoka kwenye daftari, kwa mwisho wa wino wa bluu. Imbeni huo.

Kuhama toleo: chagua asubuhi ya siku ambayo umeme umetulia, mashine iunganishe na ile betri ya usharika, modemu iwe na bando la kutosha. Nenda 21, izime iwake, halafu 22. Katikati usizime, hata Luka akisema nini. Ikikuuliza swali usilolielewa, usibonyeze, niandikie ujumbe kwenye simu ya Ernesti.

Tamashani sitafika, fundi hapa ni mimi peke yangu na mbadala bado sijapata. Desemba nimeomba likizo na imekubaliwa. Karatasi ninayo.

Leticia


Chumbageni
5 Oktoba 2025

Leticia mwanangu,

Marahaba, mama wa mashine. Mama yako nimempa habari ya Desemba, akasema atangoja aone kwanza uso, lakini ameshamtuma mtu apake chokaa chumba chako. Ernesti amegonga ukuta wa shule kwa bajaji, ukuta haujambo.

Nilihama tarehe kumi na tatu mwezi uliopita, Jumamosi. Nilianza saa mbili asubuhi nikamaliza saa tisa. Luka alikuja mara mbili kuuliza kama tayari, mara ya pili nikamfungia mlango. Mashine iliuliza maswali manne. Matatu niliyajua, la nne Ernesti alikutumia nawe ukajibu, asante. Ilipowaka nilikuta rangi zimebadilika na kila kitu kimesogea kidogo, kama nyumba iliyofagiliwa na mgeni. Nikafungua Nota. Nyimbo zote hamsini na nane zilikuwepo.

Castory nilimpa karatasi mpya Jumatano. Akaangalia mwisho, akaangalia kijistari, akaniangalia mimi. Nikamwandikia kwenye daftari langu, "Shuka." Akaandika chini yake, "Miaka kumi na mbili!" Alikuwa akijua kuna kitu, mtu wa besi hawezi kukosa kujua, ila naye alinyamaza kwa heshima ya baba yako. Kumbe tulikuwa wengi.

Tamashani tumekuwa wa nne kati ya saba. Waamuzi walitupunguzia alama. Karatasi yao ninayo hapa, nainakili: "Kwaya ya Chumbageni imebadilisha mwisho wa wimbo na kupoteza mtindo wa mtunzi." Mchungaji alitaka kukata rufaa kwa kutumia daftari. Nikamwomba aache. Wanakwaya wamenuna wiki nzima, hasa sauti ya kwanza, wanasema tungeimba wa zamani tungeshinda. Inawezekana. Nakwambia ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Mimi nilikaa benchi langu la nyuma ya besi. Wimbo wote niliwaona tu. Walipofika mwisho, besi wanane wakashuka soh ya chini kwa pamoja, na mbao zikaniletea mpaka mgongoni. Halafu doh. Leticia, wimbo ukakaa chini, ukaisha. Sijapata kitu kama hicho tangu masikio yalipofungwa. Nililia mbele ya waamuzi, labda na hilo walipunguzia alama.

Mashine inasema toleo hili litatunzwa mpaka mwaka 2029. Nitakuwa na miaka sabini na tisa, tutaona nani atatangulia kutangaziwa.

Jambo la mwisho. Katika Nota yako mpya kuna kosa. Wimbo ukizidi kurasa mbili, namba ya ukurasa wa tatu inachapwa juu ya maneno ya sauti ya tatu, hayasomeki. Nimejaribu mara sita. Lirekebishe.

Baba yako mdogo,
Hosea